Hedifoni uliyoifungua na kuipaka rangi: dalili, vyanzo na tiba

Malalamiko ni yale yale. Rangi inatoka kwa kucha. Upande wa kushoto umenyamaza. Besi iliyokuwepo kabla ya kufungua haipo tena. Na karibu kila anayeyaleta ameshatoa hukumu: spika imeungua, nyingine inapatikana wapi?

Kwenye hedifoni za shilingi elfu 20, 30 au 50 zinazotandazwa barabarani Kampala, Mbale na Arua, spika yenyewe huwa ya mwisho kufa. Kinachokatika ni waya. Kinachoharibu sauti ni hewa: imepita pasipotakiwa, au imezibwa pale ilipotakiwa kupita, na mara nyingi kilichoiziba ni rangi. Ndiyo maana hapa tunaanza na macho, vidole na simu ya jirani, halafu ndipo tufike kwenye mita (kifaa cha kupimia umeme) na lehemu. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea zaidi kimetangulia.

Kabla hujalaumu rangi

Chomeka hedifoni kwenye simu nyingine. Kisha chungulia tundu la simu yako kwa tochi. Simu inayoshinda mfukoni hukusanya vumbi na nyuzi za nguo mpaka pini isifike mwisho, na dalili yake ni upande mmoja kunyamaza. Zima simu, toa uchafu huo taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Ingia pia kwenye mipangilio ya sauti utazame kitelezi cha kusawazisha kushoto na kulia. Kama kimesogea pembeni bila wewe kujua, utafungua hedifoni nzima bure.

Kama bado hujaifungua, sikiliza kwanza wimbo mmoja unaoujua vizuri, ukumbuke besi yake ilivyo, maana hicho ndicho kipimo chako baadaye. Sponji nyingi zimechomekwa tu kwa mkunjo wa ngozi uliopita pembeni mwa kikombe. Chini yake utakuta skrubu ndogo za nyota. Ambazo hazina skrubu zimefungwa kwa meno ya plastiki. Hizo ziachanishe kwa ile kadi ya plastiki iliyobaki ulipotoa laini ya simu, kwa sababu kisu kitavunja meno na kuacha kovu ambalo hakuna rangi itakayolificha. Piga picha ya kila ungio la waya kabla ya kuligusa.

Halafu toa kila kitu: spika, waya, sponji, na betri kama ipo. Kipakwe kigamba kitupu. Mtu akiniambia ameacha spika ndani na kuifunika kwa selotepu, najua atarudi.

Rangi inabambuka ukiikwaruza kwa kucha

Chanzo cha kwanza ni mafuta. Hedifoni imekaa kichwani miezi, imenyonya jasho, mafuta ya nywele na mafuta ya kujipaka. Kuifuta kwa kitambaa kikavu hakusaidii. Osha vigamba kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, viache vikauke kabisa, kisha vifute kwa spiriti ya famasi. Kuanzia hapo usivishike kwa vidole vitupu, shika kwa ndani.

Cha pili ni plastiki kubaki inang'aa. Rangi haina pa kushikilia kwenye uso laini. Pitisha msasa wa maji namba 400, umalizie na 600, mpaka mng'ao wote ufe, hasa kwenye kona na kingo, kwa sababu ndiko rangi huanza kutoka. Msasa wa seremala namba 80 au 120 uache kwa seremala. Mikwaruzo yake itaonekana hata chini ya tabaka tatu.

Cha tatu ni kuruka praima ya plastiki, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi. Praima ya bati au ya ukuta si mbadala wake.

Cha nne, na hiki ndicho kinachowatesa waliofanya yote hayo vizuri, ni aina ya plastiki. Tazama ndani ya kikombe na chini ya utepe wa kichwani, utafute herufi ndogo zilizochapwa zinazotaja aina ya plastiki: ABS, PP, PE. ABS hupokea rangi bila ugomvi. PP na PE haziishiki rangi ya kawaida hata uisugue vipi, zinahitaji kimiminika maalumu cha kushikisha kinachopakwa kabla ya praima, na maduka ya rangi za bampa za magari huwa nacho. Usipoona herufi, kata kipande chembamba sana mahali palipojificha, ukitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. PP na PE huelea, ABS huzama. Mara nyingi vikombe ni ABS, na utepe unaopinda ni plastiki nyingine kabisa.

Tiba ya rangi inayobambuka ni moja: itoe yote kwa msasa uanze upya. Kuziba kiraka kunakupa wiki moja ya furaha. Kabla ya kupaka vanishi mara ya pili, bandika selotepu juu ya rangi iliyokauka, ibonyeze, ing'oe kwa ghafla. Ikija na rangi, bado.

Kuhusu utepe wa kichwani, ushauri wangu ni kutoupaka kabisa. Unapanuka na kujikunja kila unapovaliwa, na rangi ngumu itapasuka juu yake. Wachapaji wa Nasser Road, Kampala, hukata stika za vinyl za rangi na michoro yoyote, na vinyl hupinda pamoja na plastiki. Wengine hupeleka kwa fundi cherehani ashone mfuko wa kitenge wenye vifungo. Unapendeza, na unafuliwa.

Rangi inanata, siku zimepita

Gusa kwanza sehemu ambayo hukuipaka. Kama nayo inanata, kosa si la rangi yako. Hedifoni nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani na ngozi nyembamba ya mpira laini juu ya plastiki, na ngozi hiyo ikizeeka kwenye joto na unyevu hugeuka gundi. Ukipaka juu yake, rangi nayo haitakauka. Itoe kwa kitambaa chenye spiriti, ukisugua kwa subira. Itatoka ikiwa uchafu mweusi unaokusanyika kwenye kitambaa, mpaka uone plastiki ngumu chini. Ndipo uoshe, upige msasa, upake.

Kama plastiki ilikuwa safi, chanzo ni tabaka nene. Uso wa juu umekauka ukafungia maji ya rangi chini. Acha kipande mahali pakavu penye hewa, kivulini, kwa wiki nzima. Hali ya hewa ina mkono wake pia: miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, rangi inayosema saa 24 kwenye kopo inaweza kutaka siku tatu, na kando ya ziwa pale Entebbe au Jinja zaidi ya hapo.

Baada ya wiki ikiwa bado inanata, haitakauka. Itoe.

Onyo: usiharakishe kwa sigiri, jiko la gesi, mshumaa wala pasi. Mvuke wa rangi ya kupuliza unashika moto, na kopo lenyewe lina shinikizo. Kwenye makopo mengi imeandikwa lisizidi nyuzi 50 za joto. Kopo lisiachwe pia ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Plastiki imelainika, imenyauka, au imepata nyufa

Hapa mshtakiwa ni thina. Rangi za magari zinazochanganywa madukani hukatwa kwa thina kali, na thina hiyo huyeyusha ABS. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha hufanya hivyo hivyo. Anayejaribu kufuta kosa kwa kitambaa chenye thina huona plastiki ikigeuka ute mbele ya macho yake. Kwenye plastiki tumia spiriti tu.

Nyufa ndogo kuzunguka matundu ya skrubu zina maelezo yake. Plastiki iliyobanwa ikikutana na kimiminika kikali hupasuka pale ilipobanwa. Kwa hiyo fungua skrubu zote kabla ya kupaka, na ukirudisha usikaze mpaka mkono ukatae.

Kama iliyokunjamana ni rangi na plastiki iko salama, umepaka tabaka la pili katikati ya muda mbaya. Makopo mengi huandika urudie ndani ya saa moja au usubiri siku mbili. Ukipuliza katikati, tabaka jipya huivimbisha la zamani kabla halijakomaa. Subiri likauke, sawazisha kwa msasa 600, rudia tabaka jembamba.

Ufa wa kweli kwenye ABS unazibika kwa dawa ya kujitengenezea: vipande vya ABS hiyo hiyo, pengine kutoka kigamba cha rimoti mbovu, vikiyeyushwa kwenye asetoni kidogo mpaka viwe uji. Paka kwenye ufa, bana, acha siku nzima. Unashika kuliko supagluu. Fanya hivyo spika na waya vikiwa mbali.

Ukungu mweupe, machozi, vumbi na wadudu

Vanishi ikitoka na wingu jeupe ndani yake, umepuliza kwenye unyevu. Mvuke wa rangi unapopaa hupoza uso, na maji ya hewani yanashuka juu yake. Ngoja mchana mkavu, pasha kopo kwa kuliweka ndani ya maji ya vuguvugu (yasiwe ya moto), pitisha tabaka moja jembamba la vanishi ile ile. Mara nyingi wingu linaondoka.

Machozi, yaani rangi iliyotiririka, yanatokana na kupuliza karibu mno. Kaa sentimita 25 hivi, anza kupuliza kabla ya kufika kwenye kipande na uache baada ya kukipita. Uso ukitoka na vipele kama ganda la chungwa, ulikuwa mbali mno au jua lilikuwa kali, rangi imekauka ikiwa bado hewani. Vishimo vya mviringo ambavyo rangi inavikimbia ni mafuta, hasa yenye silikoni kama yale ya kung'arishia dashibodi. Rudi kwenye sabuni.

Vumbi jekundu la maramu halina adabu. Mwagia maji chini kabla ya kupuliza, na kipande ukifunike kwa boksi lililotobolewa pembeni mara tu umalizapo. Walio kando ya Ziwa Victoria wasipake jioni wala chini ya taa: wadudu wa ziwani watatua kwa makundi, na miguu yao hubaki ndani ya vanishi hata baada ya kuwatoa.

Puliza nje ya nyumba, mbali na watoto. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii mvuke wa rangi. Kichwa kikianza kuuma, acha.

Upande mmoja umenyamaza

Chezesha waya muziki ukipiga, kwanza pale unapoingia kwenye pini, kisha pale unapoingia kwenye kikombe. Sauti ikirudi na kukatika, waya umevunjika ndani ya mpira wake mahali hapo. Hiki ndicho chanzo kinachoongoza. Kata sentimita mbili zaidi ya palipovunjika, weka pini mpya.

Kama kuchezesha hakubadili kitu, fungua kikombe. Unatafuta ungio lililong'oka ulipokuwa ukitoa spika, na waya uliobanwa kati ya nguzo ya skrubu na kigamba ulipokuwa ukifunga. Huu wa pili ni rahisi kuuona: una alama bapa, mara nyingine rangi yake imechubuka.

Sasa lile linalowaangusha wanaoanza. Waya wa hedifoni si kama waya wa taa. Ndani ya mpira kuna nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa vanishi ya rangi, na katikati yake mara nyingi kuna uzi wa nailoni. Unaulehemu, lehemu inakaa juu kwa umbo la tone, unaona kazi imeisha, na hakuna sauti. Vanishi ile ni kizuizi cha umeme. Ichome kwa kiberiti cha gesi sekunde moja au mbili, futa masizi, kisha tia tone la lehemu kwenye ncha ya chuma cha kulehemu na upitishe waya ndani yake mpaka moshi ukome na waya ung'ae fedha mwisho mzima. Waya usiong'aa haujakubali.

Kwa desturi nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, ya shaba tupu ni ardhi, yaani waya wa kurudisha umeme unaotumiwa na pande zote mbili. Kwa desturi, nasema, kwa sababu viwanda vya bei nafuu hutumia waya uliopo siku hiyo. Mita ndiyo ya kuaminiwa. Iweke kwenye ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa ncha ya pini na shina lake: hapo ni kushoto. Pete ya kati na shina: hapo ni kulia. Spika nyingi ni za ohm 32 na mita itasoma chini kidogo ya hapo. Sony MDR-ZX110 ni 24, Koss Porta Pro ni 60. La muhimu zaidi ya namba ni pande mbili kufanana. Ukigusa vizuri utasikia pia mkwaruzo mdogo kwenye spika, na mkwaruzo huo ni habari njema.

Pini ya vipande vinne, yaani ya hedifoni zenye maikrofoni, hupangwa hivi kwenye simu za siku hizi: ncha kushoto, pete ya kwanza kulia, pete ya pili ardhi, shina maikrofoni.

Mita ikigusishwa kwenye miguu ya spika yenyewe, waya ukiwa umetolewa, na isisome kitu chochote, basi hapo spika imekufa kweli. Nunua hedifoni nyingine mbovu ya aina hiyo hiyo kwa fundi, utoe spika yake. Kulehemu tena ule uzi wa koili (shaba nyembamba iliyozungushwa ndani ya spika) usioonekana vizuri hata kwa macho ya kijana si kazi ya mwanzo.

Onyo la lehemu: nyuma ya spika kuna sumaku, na ncha ya chuma cha kulehemu ina chuma ndani yake. Ukikaribia, sumaku itaivuta ghafla, na ncha ya nyuzi 350 itatua pasipotakiwa. Kaza mkono mezani kabla ya kugusa, na usikae kwenye mguu wa spika zaidi ya sekunde mbili, la sivyo plastiki inayoushika inayeyuka. Lehemu nyingi zinazouzwa zina risasi; nawa mikono kabla ya kushika chakula. Na kama chuma chako kina waya uliochubuka upande wa umeme wa nyumbani, usikichomeke.

Muziki upo, mwimbaji hayupo

Watu hushangaa sana kwa hili: ngoma zipo, gitaa lipo, sauti ya mwimbaji imeyeyuka au inasikika kwa mbali. Waya wa ardhi umekatika. Spika mbili zimejikuta zimeungana kwa mfululizo, na kinachosikika ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Kwa kuwa mwimbaji hurekodiwa sawa pande zote, anafutika. Kagua ardhi kwenye pini kwanza, kisha pale nyaya mbili za ardhi zinapokutana ndani ya kikombe.

Ikiwa pini ni ya vipande vinne, bonyeza kitufe cha maikrofoni ukishikilie. Mwimbaji akirudi, ardhi na maikrofoni vimebadilishana nafasi kwenye pini.

Kuna ndugu yake dalili hii: mwimbaji yupo ila hajulikani alipo, sauti imekaa nje ya kichwa, besi imekonda. Washa sauti ya mono kwenye simu, yaani sauti ile ile pande zote mbili. Sauti ikikataa kukaa katikati ya kichwa, spika moja imegeuzwa, chanya imekaa pa hasi. Badilisha nyaya mbili za upande mmoja tu. Ukigeuza pande zote mbili umerudi ulipokuwa.

Besi imekwisha

Bonyeza vikombe kwa viganja juu ya masikio. Besi ikirudi, hewa inavuja mahali fulani, na spika haina kosa. Kazi ni kutafuta tundu.

Anza na sponji. Mkunjo wake ukiwa haujaingia sawasawa hata sentimita moja, besi ya upande huo imekwenda. Zungusha kidole pembeni yote. Kama umebadilisha sponji za ngozi bandia kwa za kitambaa, au umezivisha kitenge, tegemea besi kupungua: kitambaa kinapitisha hewa. Hilo ni chaguo, kwa joto la Gulu mwezi wa Februari wengi wanalikubali kwa furaha. Miwani na misuko minene nayo huinua sponji.

Kisha tundu ambamo waya unaingia kwenye kikombe. Kiwandani huwa limezibwa kwa gundi, na wewe umeing'oa. Zibe kwa gundi ya moto au ile gundi laini ya kubandikia mabango. Halafu pete ya spika: ikitolewa na kurudishwa bila gundi, hewa ya nyuma na ya mbele hukutana na kuuana.

Mwisho tazama nyuma ya spika. Kuna vitundu vidogo vilivyofunikwa kwa karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ikichanika, upande huo unabadilika. Na kwenye kigamba cha nje kuna kitundu kingine, pengine kidogo kuliko kichwa cha pini ya kushonea, ambacho watu hudhani ni pambo. Ni pumzi ya spika. Rangi ikikiziba, besi inabadilika, mara nyingi upande mmoja tu, nawe unabaki ukiguna mwimbaji amesogea kushoto. Kigamba kikiwa kimetenganishwa na spika, kizibue kwa sindano nyembamba ukitokea ndani. Sindano hiyo hiyo isiguse vitundu vya spika kamwe. Siku nyingine ukipaka, sokota kipande cha tishu ukizibe kwanza.

Sauti inachoma masikio, au imeziba

Wanaoanza huondoa sponji nyembamba iliyo mbele ya spika wakidhani ni uchafu, kisha sauti za juu zinachoma. Irudishe. Kama imeoza, weka tabaka moja la tishu nyembamba, la ukubwa uleule pande zote. Hii ni dawa ya siku nyingi, hata wenye Superlux HD 681, hedifoni inayojulikana kwa ukali wa sauti zake za juu, huitumia. Tabaka mbili ni nyingi, sikiliza baada ya kila badiliko.

Ikiwa imeziba baada ya kupakwa, inua wavu wa mbele ukiuelekeza kwenye mwanga. Vitundu visivyopitisha mwanga vimejaa rangi.

Pamba ndani ya kikombe hupunguza mwangwi, kiasi kidogo cha kuchambuka kwa vidole. Kushindilia pamba ya mto kunaua besi pamoja na mwangwi.

Inakwaruza au kutetema kwenye besi

Ni unywele. Sitanii: unywele mmoja ukipenya wavu na kugusa ngozi ya spika, yaani utando wake unaotetema, hutoa kelele ambayo mtu angeapa spika imepasuka. Gusisha kona ya selotepu kwenye wavu na kuinua. Usipulize kwa pampu wala usivute kwa mashine ya vumbi, ngozi hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya sigara na itabonyea.

Ukifanyia kazi karibu na mafundi wa chuma, kama walivyo wengi Katwe, Kampala, ujue sumaku ya spika huokota unga wa chuma kwenye meza. Ukiingia kwenye mwanya wa koili, mkwaruzo hautoki. Spika iliyotolewa ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na steel wool (nyuzi za chuma za kusugulia) isionekane mezani.

Vingine ni skrubu iliyolegea, waya unaogonga kigamba, au moshi mweupe wa supagluu uliotanda juu ya ngozi ya spika. Kwa huo wa mwisho, acha. Kufuta kutachana.

Za Bluetooth: inakatika, hawakusikii, kitufe kimeganda

Rangi za fedha, dhahabu na kromu mara nyingi zina unga wa alumini. Ukipaka tabaka nene juu ya upande wenye antena, masafa yanafupika, unatoa simu mfuko mmoja kwenda mwingine na muziki unakatika. Upande wenye antena upake rangi ya kawaida isiyo na chuma. Karatasi ya alumini ndani ya kikombe, ambayo wengine huiweka kwa pambo, ina madhara hayo hayo.

Wasipokusikia, tafuta kitundu cha maikrofoni chini ya kikombe, rangi imekiziba. Zibua kijuujuu tu, maikrofoni iko milimita chache nyuma yake. Kitufe kilichoganda kimeunganishwa na kigamba kwa vanishi. Pitisha wembe kwenye mwanya.

Acha hapo hapo

Ndani ya hedifoni ya Bluetooth kuna betri ya lithiamu, pochi ya rangi ya fedha ya volti 3.7. Ikiwa imetuna, inanukia utamu wa dawa, au inapata joto bila kuchajiwa, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Itoe nje ya nyumba, iweke ndani ya mchanga au kopo la bati lililo wazi, umuone fundi wa simu anayebadilisha betri. Isitupwe kwenye takataka zinazochomwa. Hata betri nzima, itenganishe kabla ya kulehemu chochote, waya mmoja kwa wakati, maana mkasi ukikata zote mbili pamoja umeshazigusanisha.

Mpelekee fundi pia ikiwa mguu wa spika umeng'oka na uzi wa koili, ikiwa njia za shaba kwenye bodi zimeinuka, au ikiwa tundu la kuchajia limelegea. Mpe zile picha ulizopiga kabla ya kufungua, mwambie rangi na vimiminika ulivyotumia, na mkubaliane bei kabla hajafungua. Akikuambia spika imeungua kabla ya kuweka mita, chukua hedifoni yako uende kwa fundi wa meza inayofuata.